Aliyekuhudumia ni Nani? Kazi ya Sista na Mipaka Yake

Katika hospitali ndogo za kibinafsi zenye vitanda, zile ambazo wengi huziita nasingi homu, kila aliyevaa sare huitwa daktari. Mara nyingi huyo ni sista, au hata msaidizi ambaye hajasajiliwa na baraza lolote. Wakazi wa Alupe na wa barabara yote ya Busia hadi Malaba wanafaa kuwatofautisha, kwa kuwa sheria haiwaruhusu kufanya kazi sawa.

Mazoea haya yana chanzo. Katika zahanati nyingi za serikali, muuguzi ndiye anayepokea mgonjwa, kumpima malaria, kumpa dawa kwa kufuata mwongozo na kuchanja watoto. Mgonjwa akilazwa kwingine, hutarajia sista afanye yote. Wapo pia waajiri ambao, kwa kubana matumizi, humwachia muuguzi mmoja wodi nzima usiku.

Muuguzi aliyesajiliwa hufuatilia hali ya mgonjwa, hutoa dawa zilizoandikwa, huhudumia vidonda na, akiwa na mafunzo ya ukunga, huzalisha mama asiye na matatizo. Upasuaji wa uzazi si kazi yake. Mama akivuja damu baada ya kujifungua, sista anapaswa kuanza huduma ya dharura papo hapo. Hapo hajavuka mpaka wowote. Kosa ni kumweka mama huyo hadi asubuhi bila kuita daktari wala kumpa rufaa.

Msaidizi huogesha wagonjwa, huwalisha na kutandika vitanda. Kudunga sindano si kazi yake, hata akiwa na uzoefu wa miaka mingi.

Wauguzi husimamiwa na Baraza la Wauguzi la Kenya chini ya Sura 257 ya sheria, na maafisa wa kliniki wana baraza lao chini ya sheria ya 2017. Sista anayekubali agizo lililo nje ya mafunzo yake huhatarisha leseni yake mwenyewe, hata kama agizo limetoka kwa mwenye hospitali. Aliyesomea ng'ambo ya mpaka, Uganda, naye lazima asajiliwe na baraza la Kenya kabla ya kuhudumu hapa.

Mgonjwa anaweza kuuliza jina, cheo na leseni ya anayemhudumia. (Sista aliyesajiliwa hana sababu ya kukasirika.) Asiporidhika, aandike tarehe na zamu, ahifadhi kadi yake, kisha apeleke malalamiko kwa baraza husika au ofisi ya afya ya kaunti ndogo ya Teso Kusini.