Sekunde 72

Mwaka 2015 Tume ya Taifa ya Uchaguzi ilipanga kituo kimoja kisizidi wapiga kura 450. Kituo hufunguliwa saa 1 asubuhi, hufungwa saa 10 jioni. Hizo ni dakika 540. Ukizigawa, kila mtu anapata sekunde 72: jina litafutwe, apewe karatasi za Rais, mbunge na diwani, aweke alama, azikunje, azitumbukize, apakwe wino kidoleni. Na hapo hujamhesabu bibi ambaye kadi yake iko ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya leso, leso kwenye pindo la kanga, na fundo limekaza.

Lakini kwa mtu wa Kasense, hapa Manispaa ya Sumbawanga, foleni si kitu sana. Wazee, wajawazito, wanaonyonyesha na wenye ulemavu hupishwa mbele, na hakuna anayenung'unika. Kinachomkosesha mtu kura ni kulazimika kupigia kituo kilekile alikojiandikisha. Oktoba, mwezi wa uchaguzi mkuu, wengine wanatayarisha mashamba ya mahindi, wengine wameteremka bonde la Ziwa Rukwa, kule Muze au Mtowisa, kutafuta riziki. Kadi anayo mfukoni. Jina lake limebandikwa ukutani huku juu, uwanda wa Ufipa.

Uchaguzi wa serikali za mitaa ndio unaochanganya zaidi. Ule una orodha yake. Mwaka 2024 watu waliandikishwa upya kuanzia Oktoba 11 hadi 20, wakapiga kura Novemba 27, msimu ambao mvua ikinyesha kila mwenye jembe yuko shambani. Aliyedhani kadi ya mwaka 2020 inatosha alikuwa ameshachelewa mwezi mzima.

"Bibi, hapa haupo."
"Sipo vipi, nami nimesimama mbele yako?"

Mazungumzo ya namna hiyo yanachekesha kama hukufika pale kwa miguu.

Mwaka 1995, vifaa vya kupigia kura vilipochelewa Dar es Salaam, kura zilifutwa na majimbo yote saba ya mji yakarudia Novemba 19. Lakini aliyechelewa kwa kupanda mlima kutoka bondeni harudiwi uchaguzi. Saa 10 ikigonga, askari husimama nyuma ya mtu wa mwisho kwenye mstari. Waliotangulia watapiga kura hata giza liingie. Anayefika saa 10 na dakika tano, vumbi magotini, anamkuta askari.