Kiti cha Nyuma Juu ya Atlantiki

Imekuwa desturi kwa watu wenye vyeo, na hata kwa baadhi ya wasio na vyeo, kulitaja daraja la kawaida la ndege kana kwamba ni adhabu. Aliyeketi huko husemwa kuwa amebanwa, amelishwa vibaya, na ameshuka upande wa pili akiwa hoi. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Sisi tunaona kwamba kiti hicho cha nyuma ndicho kilichoifungua Bahari ya Atlantiki kwa watu wa kawaida, na kwamba anayekinunua kwa hesabu hapotezi fedha yake. Tunaona pia kwamba ubora wake umekuwa ukipunguzwa inchi baada ya inchi, na kwamba lawama ya jambo hilo ni ya wenye kutunga kanuni zaidi kuliko ya abiria anayetafuta nauli ndogo.

Wasomaji wetu wa Visiwani hawako mbali na habari hii. Zipo familia za Unguja na Pemba zenye ndugu Toronto, New York na kwingineko katika Amerika ya Kaskazini, na harusi na misiba huwavusha watu bahari hiyo. Wengi hupitia Ulaya. Wengine, tangu Kenya Airways ilipoanzisha safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York tarehe 28 Oktoba, 2018, huivuka Afrika na Atlantiki kwa mkupuo mmoja wa saa zipatazo 15, ndani ya ndege yenye viti 234, ambavyo zaidi ya 200 kati yake ni vya daraja la kawaida.

Hapo zamani nauli za kuvuka Atlantiki hazikupangwa na ushindani. Zilipangwa na mashirika yenyewe yakikutana chini ya chama chao cha kimataifa, IATA, kisha serikali zikazitia muhuri. Mwaka 1952 mashirika hayo yalikubaliana kuanzisha daraja la watalii, na mwezi Aprili, 1958, likaja lile tunalolizungumzia leo, lenye nauli ya chini zaidi. Lakini waliogopa kwamba wenye uwezo wangeviacha viti vya ghali na kuhamia nyuma. Kwa hiyo ilikatwa shauri kwamba abiria wa daraja jipya asipewe chakula cha moto, bali sandwichi tu.

Ndipo ulipozuka ugomvi ambao leo unachekesha. Shirika la nchi za Skandinavia, SAS, likawaandalia abiria wake sandwichi za kwao: kipande kimoja cha mkate kisichofunikwa, na juu yake nyama, samaki na mboga zimepangwa hata mkate wenyewe hauonekani. Pan American ya Marekani ikalalamika kwamba hiyo haikuwa sandwichi bali karamu. Shauri likafikishwa mbele ya IATA, na SAS ikatozwa faini ya dola 20,000. Watu wazima waliovaa suti walikaa kitako kujadili ni kiasi gani cha mkate kinachopaswa kuonekana. Hatulisimulii jambo hili kwa kicheko tu. Linathibitisha kwamba tangu mwanzo dhiki ya kiti cha nyuma haikutokana na ufinyu wa ndege peke yake. Sehemu yake ilipangwa kwa makusudi, ili aliyeketi mbele auone uzito wa fedha alizotoa.

Miongoni mwa waliouvunja ukuta huo wa bei walikuwa watu wa kisiwani, nasi hatuoni haya kulisema hilo kwa fahari kidogo. Iceland, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1960 haikuwa na watu laki mbili, ilikuwa na shirika lililoitwa Loftleiðir, ambalo halikuwa mwanachama wa IATA na kwa hiyo halikufungwa na bei zake. Lilitumia ndege za mapanga wakati wakubwa walikwisha nunua jeti. Safari zake zilichukua muda mrefu zaidi na zilitua njiani, lakini nauli ilikuwa ndogo, na wanafunzi wa Marekani walijazana humo kwenda Ulaya. Enzi hiyo jeti zilikuwa zimeanza kupita juu ya Gander, katika kisiwa cha Newfoundland, bila kutua. Uwanja ambao zamani ulikuwa kituo kikubwa cha kutilia mafuta ukapoteza wageni wake. Iceland ilifanya kinyume. Kule kutua kwenyewe, ambako wengine walikuona kuwa usumbufu, ikakugeuza biashara, na abiria wa kiti rahisi wakashawishiwa kukaa siku moja au mbili kisiwani kabla ya kuendelea na safari. Maofisa wetu wa utalii wangefanya vyema kuisoma historia hiyo kwa makini.

Kisha akaja Mwingereza, Freddie Laker. Tarehe 26 Septemba, 1977, ndege yake ya kwanza ya Skytrain iliondoka Gatwick kwenda New York kwa nauli ya pauni 59. Tiketi haikuwekwa akiba. Mtu alipanga foleni siku ile ile, na chakula alijinunulia. Mashirika makubwa yakashusha nauli ili yasiachwe nyuma, na tarehe 5 Februari, 1982, kampuni ya Laker ikafilisika. Nauli, hata hivyo, hazikurudi katika enzi ya IATA.

Jambo hilo limejirudia katika miaka ya karibuni. Shirika la WOW la Iceland lilisimama ghafla tarehe 28 Machi, 2019, na abiria wakaachwa viwanjani pande zote mbili za bahari. Norwegian, lililokuwa limeshusha sana nauli za London na New York, lilitangaza mwezi Januari, 2021, kwamba linaacha safari za masafa marefu. Basi anayenunua tiketi ya bei ya kutupa miezi minane kabla ya safari na afahamu kwamba ameikopesha kampuni fedha zake, na amdhamini mkopaji huyo kwa kadiri anavyomjua.

Sasa tukitazame kiti chenyewe. Nafasi ya abiria hupimwa kutoka mahali fulani pa kiti kimoja hadi mahali pale pale pa kiti kilicho mbele yake. Zamani inchi 34 hazikuwa jambo la ajabu. Siku hizi kipimo cha kawaida ni 31 au 32. Watengenezaji wamepunguza unene wa migongo ya viti, na magoti yamerudishiwa sehemu ya kile yalichonyang'anywa, lakini si chote. Upana nao umeliwa. Ndege ya Boeing 777 ilipoanza kazi mwaka 1995 ilikuwa na viti tisa kwa safu katika daraja la kawaida. Mashirika mengi yameweka kumi. Katika 787 Boeing ilipendekeza vinane, na karibu wanunuzi wote wakaweka tisa. Mwili wa ndege haukutanuka hata kidogo. Kilichofanyika ni kuyanyofoa mabega ya watu tisa ili wa kumi apate pa kukaa. Kwa upande mwingine ni haki kusema kwamba ndege hiyo ya 787 hutunza hewa ya ndani kama ya mahali penye kimo cha futi 6,000, ilhali nyingi za zamani hufikia futi 8,000, na hewa yake si kavu sana. Abiria wa nyuma huipata neema hiyo sawa na wa mbele.

Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2018 ikiitaka mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo, FAA, iweke kipimo cha chini cha kiti kwa ajili ya usalama. Mwaka 2022 FAA iliwaomba wananchi maoni. Mwezi Machi, 2023, mahakama ilikataa kuilazimisha itunge kanuni hiyo. Hoja yenyewe si ya starehe peke yake. Ndege hutakiwa ionyeshe kwamba watu wote waliomo wanaweza kutoka kwa sekunde 90 huku nusu ya milango imefungwa, nasi tunajiuliza mzee mwenye magoti mabovu, aliyebanwa katika kiti cha katikati cha safu ya watu kumi, atatokaje kwa kasi hiyo.

Kuhusu afya, yamesemwa mengi juu ya donge la damu linaloganda mguuni. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulieleza kwamba hatari hiyo huongezeka takriban mara mbili kwa anayesafiri saa nne au zaidi akiwa amekaa bila kujinyoosha, lakini kwa mtu mwenye afya njema ikabaki kuwa ndogo. Kinacholeta madhara ni kutulia mahali pamoja, si daraja la tiketi. Hata aketiye mbele, akilewa na kulala bila kugeuka, yumo hatarini. Ainukaye mara kwa mara hujisaidia, na kwa ajili hiyo kiti cha kandokando ya njia kinafaa kuliko cha dirishani, mandhari na yapotee.

Lililo kubwa zaidi kwa mnunuzi ni mwelekeo wa safari. Kutoka London kwenda New York ndege hupambana na upepo mkali wa juu unaovuma kutoka magharibi, nayo huchukua saa saba na nusu au nane. Kurudi, upepo ule ule huisukuma, na saa sita na nusu au saba hutosha. Safari nyingi za kwenda magharibi ni za mchana: abiria hula, husoma, huzungumza na jirani, na kufika jua lingali linawaka. Kitanda cha mbele, ambacho ndicho hasa kinachouzwa kwa bei ya mara kadhaa, hakina kazi kubwa mchana. Lakini safari nyingi za kurudi mashariki ni za usiku. Chakula kikishaondolewa, na kabla taa hazijawashwa tena kwa kifungua kinywa, zimebaki kama saa nne za kusinzia mtu akiwa wima. Huteremka London saa kumi na mbili au saa moja asubuhi, na mwili wake unasema ni saa saba au nane ya usiku. Anayetaka kutumia fedha za ziada na azitumie hapo tu, au atafute mojawapo ya ndege chache zinazoondoka New York asubuhi na kufika London usiku wa siku ile ile.

Bei nayo isomwe mpaka chini. Tangu mwaka 2018 mashirika makubwa yameanza kuuza juu ya Atlantiki tiketi za msingi zisizo na begi la kupakiwa wala ruhusa ya kuchagua kiti bila malipo. Ni sandwichi ya mwaka 1958 imerudi kwa sura nyingine. Mtu wetu anayebeba kanga, karafuu na halua za ndugu wa Toronto ajumlishe gharama ya mzigo kwanza ndipo alinganishe.

Lipo eneo moja ambalo sheria haimtofautishi wa mbele na wa nyuma. Kwa kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004, kama mahakama zake zilivyoifafanua, abiria aliyeondoka Ulaya kwenda Amerika akafika kwa kuchelewa saa nne au zaidi kwa kosa la shirika hustahili euro 600, hata kama tiketi yake iligharimu pungufu ya hapo. Wengi hawadai.

Tunamalizia na wakubwa. Mwezi Novemba, 2015, Rais Magufuli alipiga marufuku maofisa wa serikali kununuliwa tiketi za daraja la kwanza na la biashara, akiwaacha Rais mwenyewe, Makamu wake na Waziri Mkuu. Wapo walionung'unika. Sisi tungependa ofisa anayekwenda mkutanoni New York kwa fedha za umma akae nyuma walau mchana, wakati wa kwenda, na akirudi usiku akiwa na kazi ya kufanya asubuhi, hapo ndipo mhasibu wake amsikilize. Na wale wa mamlaka za usafiri wa anga wakae nyuma kwenda na kurudi.