Rubani Asiyeijua Njia: Juu ya Chombo cha Kuonyesha Njia Ndani ya Motokaa

Makusudi ya makala haya ni kueleza kazi na kasoro za chombo kimoja ambacho siku hizi hutiwa ndani ya motokaa huko kiwandani kwa ajili ya kumwonyesha dereva njia. Na tena, kwa kuwa wasomaji wetu ni watu wa lugha, kuuliza chombo hicho chapaswa kusemaje na msafiri wa Afrika ya Mashariki. Jambo lenyewe laweza kudhaniwa kuwa ni la mafundi tu. Lakini mtu aliyesafiri kutwa nzima huku sauti isiyo na mwili ikimwamuru arudi alikotoka, atakubali kwamba sehemu kubwa ya udhia wake ilitokana na maneno, wala si na mitambo peke yake.

Chombo hiki bado hakijapata jina lililotulia katika Kiswahili. Madereva wengi hukiita navigesheni, na wengine husema ramani. Neno hili la pili si baya. Lahusishwa na maneno ya Kiajemi yenye maana ya njia na kuonyesha, ambayo mabaharia wa Kiarabu waliyatumia kuitia vitabu vyao vya maelezo ya safari. Basi ramani, kwa asili yake, si picha ya nchi tu bali ni mwonyesha njia. Lakini liko neno jingine lifaalo zaidi, nalo ni rubani. Zamani rubani alikuwa mjuzi wa njia katika chombo cha baharini, mtu aliyezifahamu nyota, miamba na mikondo; leo neno limepanda angani likawa jina la mwendeshaji ndege. Katika makala haya tutatumia jina la rubani wa motokaa, si kwa kuliamuru bali kwa kulijaribu.

Historia yake si ndefu. Mwaka 1981 kiwanda cha Honda cha Japani kilitoa chombo cha kwanza cha namna hii kilichouzwa kwa ajili ya motokaa. Hakikutegemea setilaiti, kilipima mwendo na mgeuko wa gari, kisha kikaonyesha mahali lilipo juu ya karatasi ya ramani iliyo angavu. Mwaka 1990 Mazda ikatoa gari lenye chombo kilichosikiliza setilaiti za Marekani. Setilaiti hizo, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, zilikamilika kwa kazi mwaka 1995. Na mwezi Mei mwaka 2000 serikali ya Marekani iliondoa upotoshaji wa makusudi uliokuwa ukiwanyima raia vipimo vilivyo sahihi. Tangu hapo rubani wa motokaa alienea duniani.

Ili tuelewe kwa nini hukosea, yatupasa kutenga kazi nne ambazo watu wengi huzichanganya kuwa moja. Ya kwanza ni kujua mahali. Setilaiti, zilizo juu kiasi cha kilomita 20,200, hutangaza saa na mahali zilipo. Chombo kikizisikia nne au zaidi, chaweza kukadiria mahali kilipo juu ya uso wa dunia. Ya pili ni kuilinganisha nukta hiyo na ramani iliyohifadhiwa garini. Ya tatu ni kuhesabu njia iliyo fupi au nyepesi. Ya nne ni kumwambia dereva. Sasa, kazi ya kwanza ndiyo pekee itokayo angani. Nyingine tatu hutegemea mambo yaliyotiwa ndani ya gari na binadamu, pengine miaka kumi iliyopita. Setilaiti haijui barabara hata moja.

Haya niliyafahamu vema katika safari moja kutoka Arusha kwenda Dodoma, ndani ya motokaa ya kukodi yenye rubani wake. Yapaswa ikumbukwe kwamba lami ya barabara ya Babati, Kondoa hadi Dodoma ilikamilika na kufunguliwa rasmi mwaka 2018. Kabla ya hapo msafiri wa motokaa ndogo, hasa wakati wa mvua, aliona heri kuzunguka kwa Moshi, Korogwe, Chalinze na Morogoro, mwendo unaopita kilomita 800. Hali njia ya Babati haifiki kilomita 450. Ramani ya gari letu ilikuwa ya kabla ya mwaka huo, nacho chombo kilikuwa kimewekwa kikwepe barabara za vumbi. Kwa hiyo tangu tulipotoka Arusha kilituamuru kurudi. Kila tulipofika njia panda kilisema, kwa Kiingereza, maana Kiswahili hakikuwamo miongoni mwa lugha zake, kwamba tugeuke nyuma pindi iwezekanapo.

Sababu yake si ukaidi. Chombo hakina namna ya kufahamu kwamba dereva amekataa shauri lake kwa kuwa anajua zaidi. Huona tu kwamba amekosea. Kila akosapo, huhesabu upya kutoka pale alipo, na maadamu kurudi kwaonekana kuwa na gharama ndogo kuliko kuendelea, kitaagiza kurudi. Katika mji ambamo mitaa ni mingi, kosa moja husameheka baada ya dakika moja, kwa kuwa iko njia nyingine mbele. Katika safari ndefu ya bara, ambako barabara ni moja kwa mwendo wa saa nzima, kosa halisameheki.

Tulipopita Babati mambo yalizidi. Mahali pengine barabara mpya haikufuata mkondo wa ile ya zamani, na kioo kilituonyesha tukielea porini pasipo njia. Chombo cha namna hii hujaribu kuivuta nukta ya gari hadi kwenye barabara iliyo karibu katika ramani yake. Kisipoiona, huliacha gari peke yake katika uwanja mtupu. Kijana aliyekuwa akiendesha akasimamisha gari karibu na Kolo, jua likiwa limeshainama. Akasema, “Mzee, tumepotea. Hiki hakidanganyi, kinasema na mbinguni.” Alikuwa tayari kugeuza, na mafuta yetu yasingetufikisha Arusha.

Palikuwa na bibi aliyeuza viazi kando ya njia. Tukamwamkia, naye akaitika. Tulipomweleza shida yetu alisema, “Lami hii ndiyo ya Dodoma, wanangu, msiiache. Mkishapita Kondoa mtaikuta Chemba, kisha Mayamaya. Mkiona lami imewaishia mkaingia vumbini, jueni mmeiacha. Rudini pale mlipoiachia. Tena punguzeni mwendo, saa hizi ng'ombe wanarudi.” Tukafika Dodoma usiku ule salama.

Maneno ya bibi huyu yastahili kuangaliwa na wanalugha. Kwanza, hakutaja hata kipimo kimoja cha umbali. Aliifunga njia yote kwa -ki- na -kisha-: ukifika, ukiona, ukishapita. Kila agizo lilining'inizwa juu ya jambo ambalo msafiri atalishuhudia kwa macho yake. Rubani wa motokaa husema, baada ya mita mia tatu fanya hivi. Naye dereva hana kamba ya kupimia mita hizo. Pili, alitoa alama ya upotevu: mkiona jambo fulani, jueni mmepita au mmeiacha. Kila Mswahili aelekezaye mgeni huongeza maneno ya namna hiyo, “ukiona daraja, umepita.” Chombo hakisemi hivyo kamwe, kwa maana hakidhani kwamba chenyewe chaweza kueleweka vibaya. Tatu, alionya juu ya hali ya njia kwa saa ile: ng'ombe. Nne, alitufanya tuwe na imani, kwa kuwa tulimwona na tuliweza kumwuliza tena.

Iko kasoro nyingine ambayo ni yetu hasa. Motokaa nyingi zilizotumika huletwa Tanzania, Kenya na Uganda kutoka Japani, ambako pia gari huendeshwa upande wa kushoto. Sheria ya Kenya huzuia gari lililozidi umri wa miaka 8, lakini haimzuii rubani asiyejua nchi. Chombo huja na ramani ya Japani peke yake, na maandishi ya Kijapani. Mahali hukijua, kwani setilaiti ni zile zile. Lakini karatasi yake haina nchi yetu, basi huonyesha uwanja mtupu. Gari likiwashwa, katika motokaa nyingi husikika sauti ya mwanamke ikisema kwa Kijapani kwamba kadi ya kulipia ushuru wa barabara haikuingizwa. Wenye magari huisikia kila asubuhi kwa miaka mingi pasipo kujua inawaambia nini. Betri ikiondolewa, huenda chombo chote kikajifunga kikidai kadi au nambari iliyobaki Japani. Hata redio iliyounganishwa nacho mara nyingi husikia megahezi 76 hadi 90 tu, nazo stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo.

Na katika magari yaliyo na ramani ya Afrika, ramani huchakaa. Mwaka 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, juu ya Ghuba ya Mwanza. Ramani ya mwaka uliotangulia itamwambia msafiri asubiri kivuko. Simu ya mkononi hupata marekebisho kwa mtandao mara kwa mara, lakini ramani ya gari aghalabu hudai kadi mpya au safari ya kwenda kwa fundi. Kwa haki yatupasa kutaja fadhila yake pia: katikati ya mbuga, ambako mtandao wa simu hukatika, simu isiyohifadhiwa ramani hunyamaza, naye rubani wa motokaa huendelea na kazi.

Saa ya kufika nayo hudanganya. Chombo huipa kila aina ya barabara mwendo wake, kisha hugawanya umbali. Lakini kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya kuna vijiji vya kilomita 50 kwa saa, kuna matuta, kuna mizani ambako malori hupanga foleni, kuna wanyama wa Mikumi, na kuna mlima Kitonga ambako lori moja zito huweza kuwaongoza wote nyuma yake. Tena liko tatizo la lugha lililo wazi. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa kwa mapambazuko. Mfasiri asiyelijua hili akiandika kwamba utafika saa nne na nusu jioni, atakuwa amesema jambo lisilokuwapo. Maana saa hiyo kwetu ni saa kumi na nusu.

Kwa hiyo siku itakapofika ya kumfundisha rubani huyu Kiswahili, haitoshi kufasiri orodha ya maneno. Litazameni neno geuka. Kwa wengi humaanisha kuugeuza mwili au kurudi nyuma. Aambiwaye “geuka kulia” katika barabara kuu huenda akasita pasipofaa kusita. Pwani husikika pinda, na madereva wa Dar es Salaam husema kata au kunja. Mzunguko wa barabara huitwa na wengi kipilefti, kituo cha mafuta huitwa sheli. Kamusi zaweza kununa, lakini ndiyo maneno yatakayofahamika kwa gari linalokwenda kasi. Yatazameni pia mahali patatu pa sarufi yetu: ingia hapo, ingia huko, ingia humo. La kwanza ni pahali palipo dhahiri, la pili ni upande, la tatu ni ndani. Kiongozi mwema huchagua. Mashine iliyofasiriwa ovyo itasema “kwenye” kwa yote.

Majina ya mahali nayo yana udhia wake. Iko Majengo ya Moshi, ya Dodoma na ya Mombasa. Msafiri akiandika jina tupu, chombo huchagua kipendacho. Tena sauti ya kigeni haijui kwamba M ya Mtwara ni silabi kamili, wala kwamba mkazo wetu hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Jina likitamkwa vibaya, dereva hulitafuta kwenye kibao asilione, na huku njia imempita.

Ushauri wangu ni mambo matatu. Wenye magari waikague tarehe ya ramani kabla ya safari ndefu, kama wanavyokagua matairi. Mafundi waruhusu msafiri kukiambia chombo kwamba njia hii naijua, nyamaza hadi nikuite. Na wanalugha wakusanye, kwa kinasa sauti, namna watu wetu wanavyoelekezana njia, mjini na shamba, kabla ya watoto kuacha kuelekezana. Yule kijana wetu alikuwa hodari wa kuendesha. Lakini hakuwa na alama hata moja ya nchi ile kichwani, na ilipokosea mashine alikuwa amepotea juu ya barabara iliyo sawa. Wasomaji wenye maneno ya kuelekezea njia katika lahaja zao watatusaidia wakiyaleta.