Kausha mkate, usiuunguze

Siku hizi jamaa nyingi za mijini zina desturi ya kuwatengea wageni vitafunio vidogo kabla ya mlo wenyewe kuwa tayari. Badala ya sambusa au karanga, wengine huandaa vipande vya mkate vilivyokaushwa, juu yake wakaweka kachumbari, parachichi, mayai au samaki. Waitaliano, ambao ni mabingwa wa chakula hiki, huita vile vikubwa bruschetta na vile vidogo crostini. Kwetu sisi ni mkate uliorudishwa motoni mara ya pili.

Ni chakula kizuri, chepesi, na hakihitaji fedha nyingi. Lakini namna wengi wetu tunavyokiandaa ndiyo yenye kasoro. Ama mkate huzamishwa katika mafuta, ama huwekwa juu ya moto mkali hadi kingo zikawa nyeusi huku ndani ungali laini. Njia zote mbili huharibu ladha, na zote mbili zina madhara ya kiafya ambayo ni rahisi kuyaepuka.

Mpenzi msomaji, jambo la kukumbuka ni moja. Mkate huwa mkavu wa kuvunjika kwa mlio kwa sababu maji yameuhama. Hauwi hivyo kwa kuungua, wala kwa kushiba mafuta. Ukilielewa hili, mengine yote yatakuwa mepesi.

Kinachotokea motoni

Zaidi ya theluthi moja ya uzito wa mkate mwororo wa dukani ni maji. Ukiuweka karibu na moto, maji hayo hutoka kama mvuke, kwanza ya nje, kisha ya ndani. Wakati huo huo kuna jambo la pili linalotokea. Upande wa nje ukishakauka, joto lake hupanda kupita lile la maji yanayochemka, na hapo sukari na protini zilizomo katika mkate huungana na kuleta rangi ya kahawia pamoja na ile harufu inayotamanisha. Badiliko hili huitwa kwa jina la Louis Camille Maillard, mwanasayansi wa Ufaransa aliyelieleza mwaka wa 1912.

Mambo haya mawili, ukavu na rangi, hayaendi kwa mwendo mmoja. Moto ukiwa mkali, rangi huja upesi kuliko ukavu. Isitoshe, mkate wetu wa slesi aghalabu huwa umetiwa sukari, na pengine maziwa, kwa hiyo hushika rangi haraka mno. Ndiyo sababu mpishi huiona slesi imegeuka nyeusi, akaiondoa motoni, kisha akiibonyeza katikati anakuta ingali tepetepe. Dawa yake ni kupunguza moto na kuongeza muda.

Kwa nini weusi si mzuri

Mnamo Aprili 2002, wataalamu wa Uswidi walitangaza kwamba kemikali iitwayo akrilamaidi hujitokeza yenyewe katika vyakula vya wanga vinapokaangwa, kuokwa au kuchomwa. Hutokana na sukari kuungana na asparajini, mojawapo ya viungo vidogo vinavyojenga protini, joto likipita nyuzi 120 za sentigredi. Kadiri mkate unavyozidi kuwa mweusi, ndivyo kemikali hii inavyoongezeka.

Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, IARC, ambayo ni sehemu ya Shirika la Afya Duniani, iliiorodhesha akrilamaidi mwaka wa 1994 miongoni mwa vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi mkubwa ulitokana na wanyama wa maabara. Uchunguzi uliofanywa kuhusu watu na vyakula wanavyokula haujatoa jibu moja lililo wazi. Kwa hiyo slesi moja iliyoungua leo isikukoseshe usingizi. Hata hivyo, maadamu kemikali hii haina faida yoyote mwilini, na maadamu ni rahisi kuipunguza, hakuna haja ya kuila kila asubuhi. Lenga rangi ya dhahabu. Ikifika hapo, ondoa.

Mkate wa unga wa ngano isiyokobolewa, ule wa kahawia, una nyuzinyuzi nyingi na ni bora kwa afya, lakini rangi yake huficha kuungua. Huo upime kwa kuugusa na kuunusa, usingoje macho yakuonye.

Kuna pia wanaoamini kwamba mkate ulioungua ni dawa ya tumbo, eti kwa kuwa una makaa. Ni kweli hospitali hutumia unga wa makaa kwa baadhi ya watu waliokula au kunywa sumu. Lakini makaa hayo hutayarishwa kwa njia maalumu yaweze kunasa sumu, na weusi wa mkate hauna uwezo huo. Mtoto akinywa mafuta ya taa au dawa ya kuua wadudu, usipoteze dakika hata moja kuchoma mkate. Mkimbize hospitalini, na usimlazimishe kutapika.

Jinsi ya kuukausha

Anza na mkate wa jana au wa juzi. Huo hukatika vizuri bila kuvurugika, na si mwororo kama uliotoka dukani leo. Ukate kwa unene usiozidi sentimita moja. Ikiwa ni mkate wa slesi, gawa kila slesi mara nne, miraba au pembetatu. Hakuna haja ya kutupa kingo.

Mwenye oveni aiwashe hadi nyuzi 150, apange vipande bila kupandana, na kuviacha kwa dakika 15 hadi 20, akivigeuza katikati ya muda huo. Aanze kutazama baada ya dakika 12, kwani oveni hazifanani.

Asiye na oveni hajakosa kitu. Kikaango kizito au kile cha chapati chatosha. Kiweke juu ya moto mdogo bila mafuta, panga vipande, na uvigeuze kila baada ya dakika mbili hivi mpaka pande zote mbili zikauke. Itachukua dakika 8 hadi 10. Kwa tosta ya umeme, weka kipimo cha chini na uchome mara mbili, ukipumzisha slesi kwa dakika mbili katikati ili mvuke utoke.

Wanaotumia jiko la makaa wangoje hadi makaa yafunikwe na jivu jeupe, kisha waweke wavu juu yake, mbali kidogo na moto. Jiko na liwe nje, au mahali penye hewa ya kutosha. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo imeua watu wengi waliofunga milango na madirisha jiko likiwa ndani. Hata makaa yanayoonekana kufifia bado huitoa.

Kosa moja la kawaida ni kungoja kipande kiwe kikavu kabisa kingali motoni. Mkate hukakamaa zaidi unapopoa. Kwa hiyo viondoe vikiwa na ulaini kidogo sana katikati, uvisimamishe au uvilaze juu ya wavu. Usivirundike na usivifunike kwa kitambaa, kwa sababu mvuke utarudi ndani na kuvilainisha. Baada ya dakika 10, vunja kimoja. Kikilia na kukatika, kazi imekwisha. Kikipinda, rudisha vyote motoni kwa dakika chache.

Vikishapoa kabisa, viweke katika mkebe wenye kifuniko kinachobana. Wakazi wa Mombasa na miji mingine ya pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi, wasishangae vikilegea upesi. Dakika tano katika oveni ya joto la chini hurudisha ukavu wake.

Njia hii ya moto wa polepole ni ya zamani. Husimuliwa kwamba mpishi mashuhuri wa Kifaransa, Auguste Escoffier, alimwandalia mwimbaji wa Australia, Nellie Melba, slesi nyembamba mno zilizokaushwa mara mbili wakati mwimbaji huyo alipokuwa hajiwezi jijini London, mwishoni mwa karne ya 19. Mkate wa namna hiyo huitwa kwa jina la Melba hadi leo.

Mafuta, chumvi na sukari ya damu

Slesi moja ya kawaida ya gramu 30 ina kalori 80 hivi. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta kina kalori 120 hivi. Mkate hunywa mafuta kama sifongo, na slesi iliyokaangwa ikinywa kijiko kimoja tu, imekwisha kufika kalori 200. Mgeni akila nne akingoja chakula, amekula mlo mzima kabla ya mlo.

Ukishaukausha mkate kwanza, hutahitaji mafuta mengi. Kijiko kimoja cha mezani chatosha kupaka vipande 12, yaani kalori 10 kwa kila kimoja. Ukipenda ladha kali zaidi, kata punje ya kitunguu saumu na uisugue juu ya kipande kingali na joto. Uso wa mkate mkavu hukwaruza kama kikunio, na harufu yote hubaki hapo.

Kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Chumvi hiyo ni ya vyakula vyote, na mkate wenyewe tayari unayo, majarini pia, jibini pia. Mwenye shinikizo la damu asinyunyize nyingine. Ndimu, pilipili manga na dhania hufanya kazi hiyo vizuri.

Wagonjwa wa kisukari mara nyingi huniuliza kama ni kweli kwamba mkate uliokaushwa hauna madhara kwao. Jibu ni kwamba moto huondoa maji, hauondoi wanga. Slesi ikikauka huwa nyepesi mkononi, lakini wanga wake ni ule ule, na kwa kuwa ni nyepesi mtu hula nyingi bila kujua. Mwenye kisukari ahesabu slesi kama kawaida: vipande vinne vidogo ni slesi moja.

Mkate wenye ukungu haukaushwi

Mkate wa jana na mkate wenye ukungu ni vitu viwili tofauti. Maisha ni ghali, na wengi huona uchungu kutupa mkate mzima kwa ajili ya doa moja la kijani. Hukata doa hilo, wakachoma slesi zilizobaki, wakiamini moto umesafisha. Hiyo ni imani ya hatari. Kile tunachokiona ni sehemu ya juu tu ya ukungu. Nyuzi zake, ambazo jicho haliwezi kuziona, huwa zimepenya ndani ya mkate mwororo. Moto unaweza kuua ukungu wenyewe, lakini baadhi ya sumu zinazotengenezwa na aina fulani za ukungu hustahimili joto la kawaida la jikoni.

Wakenya wanaijua sumu ya namna hii. Mwaka wa 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafariki, wengi wao kutoka Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yaliyokuwa na sumu ya aflatoksini. Mahindi hayo yalipikwa kama kawaida, na upishi haukuwaokoa. Ukungu wa mkate aghalabu si wa aina ile, lakini hakuna mtu awezaye kutambua kwa macho upi una sumu na upi hauna. Tupa mkate wote, usiunuse, na usiwape kuku.

Vya kuweka juu

Weka vitu vya juu wakati wa kula tu, si mapema. Nyanya zitolewe mbegu na maji yake, la sivyo mkate utalowa. Nyanya, vitunguu na dhania zioshwe kwa maji safi yanayotiririka, na ubao uliokatiwa nyama mbichi usitumiwe kukatia kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Mayai yaive mpaka kiini kigande. Samaki, mayai na nyama visikae mezani zaidi ya saa mbili, hasa siku ya joto. Kitakachobaki kirudishwe kwenye friji, na samaki wa mkebe ahamishiwe kwenye chombo chenye kifuniko.

Watoto wa chini ya miaka minne wasipewe vipande hivi vikavu, kwani huweza kuwakwama kooni. Wazee wenye meno ya bandia, na yeyote aliyeng'olewa jino juzi, wapewe mkate laini.

Basi wageni wakitarajiwa, tia mkate motoni mapema na umpe moto mdogo muda wake. Ukifikia rangi ya dhahabu, uondoe. Pishi hili halihitaji ujuzi mwingine, na kila aliye mezani, hata mwenye shinikizo la damu na mwenye kisukari, ataweza kula kwa kiasi chake bila hofu.