Kauli ya Kutendua na Mota ya Dirisha la Gari

Mwanafunzi wa sarufi hufunzwa kauli ya kutendua kwa mifano ya ubaoni: funga na fungua, ziba na zibua. Ni nadra kuiona kauli hiyo ikichapa kazi. Katika gereji za jua kali, kama zile za Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, huonekana fundi anapong'oa mota ya dirisha la gari na kupachika nyingine. Kazi yenyewe ni kutendua na kutenda upya, na mpangilio ukivurugwa kidole huweza kupotea.

Mota hiyo hutumia umeme wa volti 12 kutoka kwenye betri. Swichi ikibonyezwa upande mmoja, kioo hupanda; ikibonyezwa upande wa pili, mkondo wa umeme hugeuzwa mwelekeo, nayo mota ikazunguka kinyume. Kioo kinapokwama, mota isihukumiwe mapema. Aghalabu mkosaji ni fyuzi iliyoungua, swichi iliyochakaa, au waya uliokatika karibu na bawaba, mahali unapokunjwa kila mlango unapofunguliwa. Ununuzi wa mota kabla ya upimaji ni hasara ya kujitakia.

Ikishathibitika kwamba mota imekufa, waya wa hasi wa betri hufunguliwa. Skurubu za kishikio na za sehemu ya kuegemeza mkono hutolewa, kisha ubao wa ndani wa mlango hubanduliwa taratibu, maana vibanio vyake vya plastiki huvunjika upesi. Nyaya za swichi zilizochomekwa huchomolewa. Nyuma ya ubao mna karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa gundi. Nayo hubanduliwa bila kuchanwa. Hadi hapa vitenzi vingi vina wenzao wa kurejea. Kwenye bolti sarufi huteleza: kaza haina umbo lake la kutendua, na legeza, neno la shina jingine kabisa, huingia mahali pake.

Hapo ndipo penye hatari. Kioo hufungwa kwanza kwa utepe wenye nguvu kwenye fremu ya juu kisije kikaporomoka. Katika milango mingi, kioo huinuliwa na mikono miwili iliyopishana kama mkasi, ikisaidiwa na springi nzito iliyoviringishwa. Meno ya mota ndiyo yanayoizuia springi hiyo. Mota ikitolewa kabla ya springi kuzuiwa, mkono wa chuma hufyatuka ghafla kwa nguvu za kukata au kuvunja vidole. Fundi mwangalifu hukiunganisha kwa bolti kile kipande chenye meno na bamba lake ili visisogee, ndipo alegeze bolti za mota, ambazo kwa kawaida ni tatu. Ama kwa hakika, springi hiyo ni mtego uliotegwa, na mtego hauteguliwi kwa pupa.

Waandishi wa maelezo ya ufundi kwa Kiswahili wana la kuzingatia hapa. Sentensi "Legeza bolti baada ya kuzuia springi" ni sanifu, lakini ni mbaya. Mwanagenzi anayesoma huku spana i mkononi huenda akawa amekwisha kulegeza kabla hajafika mwisho wa sentensi. "Zuia springi, kisha legeza bolti" huandamana na mwendo wa mikono.

Mitambo mingine huvuta kioo kwa kebo iliyozungushwa kwenye kigurudumu. Hiyo haina springi ya namna ile, ila kebo ikichomoka kuirudisha ni shughuli pevu.

Mota mpya hupachikwa, bolti zikakazwa, na kizuizi cha springi kikaondolewa mwisho. Betri huunganishwa na kioo hujaribiwa kabla ya nailoni kubandikwa tena. Ikiachwa nje, maji ya mvua hupenya ndani ya gari. Katika magari ambayo kioo hujipandisha chenyewe kwa mguso mmoja, mara nyingi swichi huhitaji kushikiliwa kwa sekunde chache baada ya kioo kufika juu, ili mtambo ujue upya kikomo chake.