Nadharia za Motisha Kazini na Ujira wa Wahudumu wa Matatu za Eastlands

Nadharia nyingi za motisha zinazofundishwa vyuoni ziliundwa kwa kuwatazama wafanyakazi wa mshahara. Herzberg na wenzake (1959), kwa mfano, waliwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh, Marekani. Walihitimisha kuwa mshahara na usimamizi ni mambo ambayo yakiwa na kasoro humuudhi mfanyakazi, lakini yakiwa sawa hayamsukumi sana kuongeza juhudi. Kinachomsukuma ni mafanikio, kutambuliwa na kazi yenyewe. Je, mgawanyo huu unamfaa dereva au utingo wa matatu itokayo Buruburu, Umoja au Kayole kuelekea katikati ya jiji la Nairobi?

Wengi wa wahudumu hawa hawana mshahara wa mwezi. Mwenye gari huweka kiasi cha fedha anachopaswa kupelekewa kila jioni, nao hukiita 'tageti'. Kiasi hicho kikitimia na gharama za siku kama mafuta zikilipwa, kinachosalia ndicho ujira wao. Utaratibu huu una mantiki yake. Nauli inapolipwa taslimu, mwenye gari hawezi kujua ni abiria wangapi waliopanda na kushuka njiani. Tageti humwondolea haja ya kujua. Papo hapo humtwika mhudumu hasara ya siku: msongamano wa Barabara ya Jogoo ukimpokonya safari mbili za asubuhi, tageti haipungui.

Hapa nadharia ya matarajio ya Vroom (1964) inafafanua mengi kuliko ya Herzberg. Kwa mujibu wa Vroom, mtu hujitahidi anapoamini kuwa juhudi yake italeta matokeo, kwamba matokeo hayo yatamletea tuzo, na kwamba tuzo yenyewe ina thamani kwake. Katika matatu, viungo hivi vitatu hukutana kabla ya usiku kuingia. Ni vigumu kupata mfanyakazi mwenye motisha kubwa kuliko huyu, na hiyo ndiyo hatari yake: kila abiria wa ziada na kila dakika iliyookolewa ni fedha mfukoni, ilhali gharama ya mwendo wa kasi humwangukia pia aliyeketi nyuma.

Serikali ililitambua jambo hili. Kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, chini ya Waziri John Michuki, ziliagiza vidhibiti mwendo na mikanda ya usalama, na pia zikawataka wenye magari kuwaajiri wahudumu kwa kudumu na kuwalipa kila mwezi. Mikanda ilionekana upesi, mshahara haukuenea. Mkanda hukaguliwa kizuizini na polisi, lakini mkataba wa ajira haukaguliwi barabarani.

Hata hivyo, Herzberg hafai kutupwa. Nakshi za matatu za Eastlands, na fahari ya wahudumu kutambuliwa kwa jina la gari lao, ni motisha isiyohesabika kwa shilingi. Anayeikosa zaidi ni mhudumu wa muda anayeshika usukani mwenye zamu akipumzika. Adams (1963) alieleza kuwa mfanyakazi hulinganisha anachotoa na anachopata na cha mwenzake. Mhudumu huyo hufanya ulinganisho huo katika gari lile lile, barabara ile ile, bila hakika ya kuitwa kesho.