Ubongo wa Mtoto Mchanga na Ugonjwa wa Mkojo wa Sharubati ya Mepo

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Hata hivyo, yapo maradhi ya kurithi yanayomvamia mtoto mchanga huku mbingu zikiwa nyeupe. Mojawapo ni ugonjwa wa mkojo wa sharubati ya mepo, ulioelezwa mara ya kwanza mwaka wa 1954 na John Menkes na wenzake mjini Boston, Marekani. Mepo ni mti wa Amerika ya Kaskazini ambao utomvu wake huchemshwa ukawa sharubati. Mkojo wa mgonjwa hunukia vivyo hivyo, mithili ya sukari iliyoungua.

Chanzo ni hitilafu ya jeni ambayo mtoto huirithi kwa baba na mama, ilhali wao wenyewe ni wazima. Kimeng'enya cha kuvunjavunja leusini, isoleusini na valini, ambazo ni asidi-amino za protini, hakifanyi kazi ipasavyo. Mtoto huzaliwa akionekana mzima, kisha leusini hulimbikizana na kuushambulia ubongo. Siku ya pili au ya tatu hukataa kunyonya. Kufikia siku ya kumi huenda amekwisha kupoteza fahamu.

Hapa ndipo picha za ubongo zinapofaa. Mawimbi ya sauti yanayopitishwa utosini, mahali ambapo fuvu halijafunga, huweza kuonyesha mabadiliko. Mashine ya sumaku hubainisha zaidi, kwani hupima pia mwendo wa maji katika tishu. Maji yaliyonaswa ndani ya mielini, yaani utando wa mafuta unaozifunika nyuzi za neva, hung'aa pichani. Aidha, uvimbe huo hauenei ovyo. Hufuata shina la ubongo, serebelamu na njia za neva zinazoongoza misuli, kwa kuwa hizo ndizo sehemu zilizokwisha kupata mielini mtoto anapozaliwa. Mpangilio huo humpa daktari fununu ya ugonjwa.

Hata hivyo, kipimo cha damu ndicho kithibitisho, na matibabu hayapaswi kusubiri picha. Leusini ikipunguzwa mapema kwa maziwa maalumu, au kwa kusafishwa damu, uvimbe huweza kutoweka. Miongoni mwa Wamennonite wa Pennsylvania, ambako ugonjwa huu humpata takriban mtoto 1 kati ya 380, damu ya mtoto aliye hatarini hupimwa punde anapozaliwa. Waama, picha iliyo bora ni ile isiyoonyesha kitu, kwa kuwa tiba iliwahi.